Mikono ya Dada

Jumatatu saa moja na robo asubuhi, mikono ya Jembe ilifika kwenye chumba cha kufulia cha hospitali bila Jembe mwenyewe. Wa kulia ulishika mkoba, wa kushoto ulivaa saa yake ya mkanda wa plastiki. Ikasaini daftari la mahudhurio, ikachukua pasi, ikaanza na mashuka ya wodi ya wazazi.

Msimamizi aliangalia saa ya ukutani.

"Angalau haijachelewa," alisema. "Nyie wenye miguu, mjifunze."

Watu wakacheka. Mdogo wake Jembe, aliyekuwa anakunja foronya kwenye meza ya pili, naye akacheka.

Jina la Jembe walimpa pale kazini, alipomzika mumewe Jumamosi na Jumatatu yake akapiga pasi mashuka mia mbili. Siku hiyo walimpigia makofi. Mdogo mtu ndiye aliyepiga mengi zaidi.

"Dada yako anaumwa?" aliuliza mama wa sabuni.

"Nani, yule? Yule haumwi."

Alipokwisha kusema hivyo uso ukamwaka moto, akaikunja upya foronya iliyokwisha kukunjwa.

Jioni mikono ilipita palepale Jembe alipozoea kupita. Jumanne ilimsuka mdogo mtu, mistari imenyooka kabisa. Jumatano ilimwogesha mama yao, na mama akasema maji yalikuwa ya uvuguvugu, vile anavyopenda. Hakuna aliyeuliza Jembe aliyebaki yuko wapi.

Alhamisi kaka yao akasema Jumapili ana wageni, wakwe wanakuja, basi mikono iombewe ruhusa. Mdogo mtu akatumwa.

Mlango wa Jembe ulikuwa wazi, maana hapakuwa na wa kuufunga. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni alilovaa tangu Jumapili iliyopita, mikono ya gauni ikining'inia mitupu. Sufuria ya maji ilikuwa sakafuni, na pembeni yake pamelowa, pale alipokuwa anainama kunywa. Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni, yameacha mistari myeupe.

"Ni wewe," alisema. "Tangu Jumatatu nasikiliza viatu vya wapita njia. Kila vikikaribia nasema, haya, huyo anakuja kwangu. Umekuja kuniona?"

"Ndiyo, dada."

Akamnywesha kikombe kimoja, cha pili, cha tatu. Akamfuta uso kwa kitambaa kibichi. Jembe akaanza kulia upya.

"Niache nilie kidogo, mdogo wangu. Usiniambie nijikaze."

Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Mdogo mtu akalimeza, akakaa karibu naye.

Mikono ikaingia kutoka kazini, ikaweka mkoba chini, ikajilaza mapajani mwa mwenyewe, viganja juu. Wa kulia ulikuwa na alama mbichi ya kuungua na pasi. Jembe aliitazama kama mtu anavyotazama watoto wa jirani waliosinzia kwake.

"Wamekutuma useme nini?" aliuliza. Hakuwa na hasira.

Mdogo mtu aliangalia sakafu. Nywele zake zilizosukwa vizuri zilimkaza kichwani.

"Kaka ana wageni Jumapili."

Jembe aliiangalia tena ile mikono mapajani.

"Ichukue," alisema. "Lakini wewe urudi. Jumapili, hata bila kitu. Uje tu tukae."

"Nitarudi, dada. Haki ya Mungu."

Jumapili mikono ilisugua masufuria ya kaka mpaka yakang'aa. Mama mkwe alichungulia jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hilo ndilo jembe," alisema.

Mdogo mtu alikuwa anapokea sahani moja moja kutoka kwenye mikono ile na kuzifuta, bila kuitazama. Alijiambia ataondoka vyombo vikiisha. Saa kumi na moja jioni zilibaki sahani tatu, na alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, kaka alipoingia na sufuria nyingine.

Mikono ikaipokea. Mdogo mtu akavua kiatu.