Ringi ya Mlangoni

Mimi ndiye niliyempa jina la Bi Kengele. Msimtafute mwingine.

Katika karakana ya chuo cha ufundi ninakofundisha tulitundika ringi kuukuu ya gari mlangoni, na kipande cha nondo pembeni. Sheria niliitunga mwenyewe, tena kwa moyo mweupe: yeyote akiona hatari, hata kama kaingia chuoni jana, agonge. Mashine zote zizimwe, tuangalie, tuendelee. Hakuna kukaripiwa. Mkuu wa chuo alinisifu mbele ya wageni, kichwa kikanivimba.

Wiki ya kwanza binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole, akagonga. Kaona waya umechubuka. Tukazima, tukaurekebisha, tukamshukuru. Kesho yake akagonga tena: mafuta yamemwagika sakafuni. Mara ya tatu tulikuwa katikati ya mtihani. Mashine zote zikanyamaza, kumbe moshi aliouona ni vumbi tu kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa na njaa, muda umenibana, na ulimi wangu hauna breki.

"Jamani, Bi Kengele kashaamka! Kesho atagonga hata nikipiga chafya."

Watu wakavunjika mbavu. Naye alicheka, kwa adabu, akairudisha nondo mahali pake. Tangu siku hiyo akipita wanamwimbia "ngo! ngo! ngo!", na mimi, mtu mzima mwenye watoto, naitikia, "Zimeni mashine!" Upuuzi mtupu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami niliujua msemo huo tangu utotoni.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nawaonyesha namna ya kukereza chuma. Mashine hukishika chuma na kukizungusha kwa kasi, wewe unakinyoa kwa kisu. Kifungo cha mkono wa ovaroli yangu kilikuwa kimeng'oka, kitambaa kinaning'inia. Mimi, ninayewakagua vifungo kila Jumatatu! Nikainua macho, nikamwona yule binti kasimama mlangoni, nondo mkononi, anautazama mkono wangu. Akawatazama wenzake. Akanitazama mimi. Kisha akaishusha nondo taratibu, isipige kelele.

Nilidhani anaifuta vumbi. Haki ya Mungu, nilidhani hivyo.

Chuma kikadaka kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Hospitalini waliukata chini kidogo ya kiwiko. Mkono wa kulia, mkono wa fundi, uliolisha nyumba yangu miaka ishirini.

Binti alikuja wodini na mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Mwalimu. Niliona."

"Sasa mbona hukugonga, mwanangu?"

"Wangenicheka."

Hakusema "ungenicheka". Hata pale alinistahi. Mke wangu alitoka nje, na mimi nikalia kama mtoto, wala si kwa maumivu.

Jana nilirudi kazini. Nikawaita wote mbele ya ringi, nikawaambia kosa ni langu, lile jina life leo, na kuanzia sasa wagonge bila woga. Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu." Ile "ndiyo" ilikuwa laini mno, haikunikaa moyoni.

Nikaamua kuwajaribu. Nilikuwa nimekata umeme wa mashine yangu ukutani mapema, hawajui. Nikauacha ufunguo wa kukazia chuma umechomekwa kwenye mashine. Ukiwasha mashine nao ufunguo uko pale, huruka kama jiwe la kombeo na kumpasua mtu uso. Hilo wanafunzi wetu hufundishwa kabla hawajaonyeshwa choo kilipo. Nikapeleka kidole cha mkono uliobaki kwenye swichi, nikahesabu kimoyomoyo.

Waliuona. Niliyafuata macho yao, yote yalikuwa kwenye ufunguo. Wajanja wakarudi nyuma hatua moja. Gongeni, nikaomba moyoni, gongeni hata kwa kunichukia. Binti alikuwa karibu na ringi kuliko wote. Akafumba macho.

Nikafika thelathini. Nikabonyeza.

Mashine haikutikisika. Kijana mmoja akakohoa, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, nadhani umeme hakuna."

Ufunguo hakuutaja.