Siku Johana Hakuvua Helmeti

Johana alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anahangaika na uzi chini ya kidevu, lakini uzi ulikataa kufunguka. Glavu zilikuwa nene, na fundo lilifungwa na mtu mwenye hasira. Kituo cha kuuzia majani chai kilikuwa kimeshaonekana chini ya mteremko, na wazee wameketi kwenye ubao wao wakingoja lori. Kila siku akifika hapo juu huvua helmeti, huitundika kwenye usukani, na kuwapita wazee uso wazi, akiwasalimia.

Hakuna aliyemlazimisha. Lakini huku Boito mtu anayepita watu akiwa amefunika uso ni mwizi au anaumwa na meno. Alipoanza kuvaa lile dude jeusi, Mzee Isaiah alimwuliza mbele ya watu wote, "Johana, tumekukosea nini hata unatuficha uso?" Maneno yale yalimwingia. Tangu hapo akawa anavua kabla ya kituo. Na kwa kuwa baada ya kituo kuna nyumba za watu, na baada ya nyumba kuna kanisa, helmeti ilisafiri zaidi kwenye usukani kuliko kichwani. Usukani wa pikipiki ile ulilindwa vizuri sana.

Juzi yake mkewe Rodah, akiwa shambani na kikapu mgongoni, alimwona akipita kichwa wazi. Aliliweka jambo hilo moyoni mpaka mchana huu, Johana alipomaliza kula na kulalamika kwamba kifungo cha helmeti kimekatika. Rodah akaleta uzi wa kushonea magunia. Alimvisha mumewe helmeti kama anayemvisha mtoto sweta, akaufunga uzi chini ya kidevu mara tatu, akaukata kwa meno.

"Sasa utavua ukirudi," alisema.

"Mama Kipkemoi, na wazee je?"

"Wazee nitawasalimia mimi, Jumapili, kanisani."

Johana alitoka kwake amenuna. Angebishana, lakini alikuwa na haraka. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Tangu gari la serikali liache kupita na mbegu za madume, yeye ndiye anayezunguka vilima hivi na pikipiki ya mtumba, mtungi wa baridi umefungwa nyuma, na ndani ya mtungi mirija myembamba ya mbegu. Watoto humwita Kirgit, yaani fahali, na hukimbia kabla hajageuka. Yeye hucheka. Amezoea.

Haraka ya leo ilitokana na Chelangat, mjane wa ng'ambo ya bonde. Ng'ombe wake mmoja, Delila, alikuwa amepandishwa mara mbili na hakushika. Shemeji zake Chelangat walikuwa wamesema wazi kwamba ng'ombe asiyezaa ni nyama, na kwamba mara ya tatu ikipita bure, Delila ataenda sokoni Silibwet. Asubuhi Chelangat alileta habari mwenyewe, anahema: Delila analia, anapanda wenzake. Joto la ng'ombe halingoji mtu. Ilipasa apandishwe leo jioni, ama basi.

Kwa hiyo Johana alilipita kundi la wazee na helmeti yake kichwani. Aliinua mkono. Mzee Isaiah, ambaye alikuwa ameshaanza kuinua wa kwake, aliuteremsha polepole akauweka gotini.

Johana aliona aibu hata masikio yakapata moto ndani ya lile dude. Alitazama kwenye kioo cha pembeni kuona kama wazee bado wanamwangalia. Walikuwa wanamwangalia. Aliporudisha macho barabarani, mtamba mwekundu alikuwa ametoka kwenye shamba la chai, kamba imekatika shingoni, amesimama katikati ya njia kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Alibana breki, na barabara ya murram iliyolowa mvua haikujali. Aligonga paja la mnyama, pikipiki ikaruka upande mmoja na yeye upande mwingine. Alisikia kishindo kama cha debe linaloanguka kutoka juu ya meza. Alijiuliza, amelala vile, ni debe la nani.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Wahenga hawakuwa na helmeti.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Isaiah, anayetembelea fimbo, na siku hiyo fimbo aliiacha kwenye ubao. Alipiga magoti kwenye tope.

"Johana! Wee Johana! Niambie kitu!"

"Chamgei, mzee," Johana alisema kutoka ndani ya helmeti. "Nilikuwa nataka kukusalimia. Fundo imekataa."

Mzee Isaiah alitazama jiwe lililokuwa chini ya kichwa cha Johana. Ni jiwe lililochongoka, la wale wanaotengeneza barabara na kuondoka kabla hawajamaliza. Alitoa kisu cha mfukoni, akakata uzi, akaivua helmeti kwa mikono miwili. Upande wa kushoto, juu ya sikio, ilikuwa imepasuka, ufa mrefu kama kidole. Aliigeuza huku na huku. Halafu akafanya jambo ambalo Johana hakuwahi kumwona akifanya: alilia, bila kujificha, kamasi na yote.

"Mimi ndiye nilikwambia ufungue uso," alisema. "Mbele ya watu. Ungenisikia leo, hii jiwe ingekuwa ndani ya kichwa yako."

"Nilikusikia, mzee. Mama Kipkemoi ndiye hakusikia."

"Mungu amtunze huyo mama. Kongoi. Kongoi mising, asante sana." Alijipangusa kwa mkono wa koti. "Kutoka leo piga honi tu. Ukipiga honi tumejua umesalimia. Na hii mtamba ni yangu. Ni wewe ulimpandisha mama yake, hapa hapa nyuma ya kituo. Umegongwa na mtoto yako mwenyewe."

Johana alianza kucheka, na kucheka kukamwuma mbavuni. Mtamba alikuwa ameshasimama kando, paja limechubuka kidogo, anakula majani ya watu. Johana alijikagua. Koti la turubai lilikuwa limechanika kuanzia bega hadi kiwiko, na mkono uliokuwa ndani yake ulikuwa mzima. Glavu zilikuwa zimelika viganjani, ngozi iko salama. Isipokuwa kifundo cha mkono wa kulia, kilichokuwa kinavimba huku akikitazama. Ndipo akakumbuka.

"Mtungi!"

Mtungi haukuwa nyuma ya pikipiki. Waliupata ndani ya chai, umekaa wima, matawi yameudaka, kifuniko kiko mahali pake. Johana alikifungua kidogo. Moshi mweupe wa baridi ulitoka, ukatambaa juu ya majani. Mbegu zilikuwa hai. Alifunga, akaegemeza paji la uso kwenye mtungi, akamshukuru Mungu kwa sauti, bila haya, kwa Kipsigis, kwa sababu kuna shukrani ambazo lugha ya shule haizifikishi.

"Nipeleke kwa Chelangat," alisema.

"Kwa mkono hiyo? Twende hospitali."

"Mzee, Delila hatangoja hospitali."

Pikipiki iliachwa palepale, usukani umepinda. Mzee Isaiah aliubeba mtungi kifuani kama anayebeba mtoto wa kubatizwa, mkoba wa vifaa begani, wakashuka bonde kwa njia ya wachuma chai, wakavuka kijito, wakapanda ng'ambo. Mara tatu Johana alimwomba wapumzike. Mara tatu mzee alisema yeye hajachoka, ingawa pumzi yake ilisikika toka mbali. Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomwona Chelangat amesimama langoni, mkono kwenye paji la uso, anaangalia barabara ambayo hawakuipitia.

"Daktari! Nilisikia pikipiki ikinyamaza huko juu. Nikasema, basi, imekwisha." Aliona koti, akaona mkono. "Ooi! Nini imekupata?"

"Nitakueleza, Mama Janeffer. Leta maji ya uvuguvugu kwanza."

Delila alikuwa amefungwa kwenye kibanda cha miti, anakanyagakanyaga. Johana aliulowesha mrija majini, akasubiri mbegu ziyeyuke. Alipojaribu kushika lile bomba refu jembamba wanaloliita bunduki, vidole vya kulia havikukaza. Alijaribu tena, ikaanguka kwenye nyasi. Hapo moyo wake ulivunjika kuliko ulivyovunjika barabarani. Mkono wa kushoto ndio huingia ndani ya ng'ombe kutafuta njia. Wa kulia ndio husukuma bunduki. Alikuwa na nusu ya kazi.

Chelangat aliiokota, akaipangusa kwa leso safi.

"Nionyeshe," alisema.

"Hii si kazi ya kuonyeshwa siku moja."

"Daktari, huyu akienda Silibwet, watoto yangu watakunywa chai ya rangi mpaka wazeeke. Nionyeshe."

Johana alimwelekeza, naye akautia mrija ndani ya bunduki. Mzee Isaiah alishika mkia bila kuambiwa. Johana alivaa glavu ndefu ya plastiki hadi begani, akaingiza mkono wa kushoto polepole, akafumba macho. Ndani mle ndimo alimojua kila kona.

"Ingiza sasa. Juu kidogo. Hapo. Usisukume kwa nguvu, ngoja nikushike huku ndani. Umefika. Sasa bonyeza nyuma kwa kidole gumba. Polepole, kama unachuma chipukizi na hutaki kuiponda."

Vidole vya Chelangat, vyeusi kwa utomvu wa chai, vilibonyeza. Delila alinyoosha mgongo. Hakuna aliyepumua.

"Toa," Johana alisema. "Basi."

"Imeshika?"

"Hiyo ni yake na Mungu. Mimi na wewe tumefanya yetu. Wiki tatu, asipolia tena, niite tufurahi."

Chelangat aliweka kiganja kwenye ubavu wa Delila, akakiacha hapo. "Kongoi," alisema, na ilikuwa vigumu kujua kama anamwambia daktari au ng'ombe.

Giza lilikuwa linaingia Mzee Isaiah alipomfikisha Johana mpaka mlangoni kwake na kuondoka, maana habari nyingine mwenyewe huzisema. Rodah alikuwa anakoroga ugali. Aliona koti. Mwiko ulisimama.

"Ng'ombe ya Mama Janeffer?" aliuliza, kwa kuwa aliogopa kuuliza lingine.

"Tumempandisha. Tunangoja." Johana alimpa helmeti.

Rodah aliipokea, akaisogeza karibu na moto aione. Alipitisha kidole kwenye ufa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaiweka chini, akamsogelea mumewe, akatafuta mahali palepale juu ya sikio lake la kushoto, akapitisha kidole hapo pia, polepole, kwenye nywele zilizolowa jasho. Nyuma yake ugali ulianza kuungua, na hakuna aliyeugeukia.