Ghala la Pamba la Nkoma

Mvua zilipokaribia mwaka ule, Kwandu alikuwa na mimba kubwa na mumewe Luhende alikuwa amekosa raha. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya mto. Mtoto wao wa kwanza aliwafia tumboni, mto ukiwa umefurika, na mabati ya zahanati ya Nkoma yakionekana upande wa pili.

Nyamizi, muuguzi mkunga na mfawidhi wa zahanati hiyo ya serikali, aliwajua wanawake wengi waliopatwa na hayo. Miaka nenda rudi aliomba nyumba ambamo wajawazito wa ng'ambo wangesubiri siku zao. Kila mara aliambiwa asubiri. Wakati huo hata kubadili siku ya kliniki kulihitaji kibali cha wakubwa wa wilaya huko Bariadi.

Kisha mambo yakabadilika. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia vijijini, chama cha ushirika kikadhoofika, na ghala lake lililopakana na zahanati likabaki makazi ya popo. Kwenye afya nako yakaja mageuzi. Zahanati ilibaki ya serikali, ila mfawidhi na kamati ya wanakijiji wakapewa madaraka ya kuiendesha. Nyamizi akaenda Bariadi kuuliza habari za ghala.

"Wewe na kamati yako mnaonaje?" Mganga Mkuu wa Wilaya alimuuliza.

"Mimi naona linafaa, daktari. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa mnayo tayari. Kaamueni. Mkikwama, nipo."

Alirudi nyumbani na hofu. Zamani jambo likishindikana alisema wakubwa wamekataa, na watu walimwelewa. Sasa angesema nini?

Mahona, mwenyekiti wa kamati na mwanachama wa siku nyingi wa ushirika, hakutaka kusikia. "Ghala hili tulilijenga kwa mikono yetu, sista. Ushirika ukisimama tena, pamba tutaweka wapi?"

"Ushirika ukisimama, baba, nitawahamisha akina mama mimi mwenyewe. Lakini mvua haitusubiri."

Mahona aliingia ghalani peke yake, akakaa humo kitambo. Alipotoka aliuliza, "Vitanda vitaenea vingapi?"

Wanachama wa ushirika, wenye ghala, wakakubali. Wanawake wakasiriba kuta, wanaume wakachonga vitanda. Luhende alimvusha mkewe maji yakiwa bado ya magotini, akamwachia unga na kuku wawili, akarudi kwa ng'ombe wake. Siku chache baadaye mto ukafurika.

Uchungu ulimshika Kwandu asubuhi. Alijifungua mtoto wa kike, lakini kondo la nyuma lilipotoka damu haikukoma. Nyamizi alimchoma sindano, akamkanda tumbo kwa nguvu huku akimwita, "Kwandu! Niangalie mimi! Usilale!" Kwandu alimwangalia. Damu ikapungua, ikakata. Nyamizi aliketi sakafuni. Kama mwanamke huyu angekuwa ng'ambo, saa hizi asingekuwepo.

Mahona ndiye aliyekimbia mtoni. Luhende alikuwa amesimama ukingo wa pili, kama alivyosimama kila siku tangu maji yajae. Mahona alipiga kelele, ngurumo ya maji ikazimeza. Basi mzee yule akatupa fimbo yake, akainua mikono yote miwili, akacheza pale matopeni. Luhende alielewa. Akachuchumaa, akajifunika uso.

Maji yalipopungua alivuka, akiswaga ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Alimkuta Nyamizi mlangoni.

"Wabeja, mayu," alisema kwa Kisukuma, yaani ahsante, mama. "Wabeja sana."

"Washukuru na wenye ghala," Nyamizi alisema. "Na huyu ng'ombe?"

"Wa akina mama humu ndani. Wanywe maziwa."

Nyamizi alimgeukia Mahona. Kwa mazoea aliuliza kama Bariadi wataruhusu ng'ombe zahanatini.

"Bariadi watamkamua?" Mahona alijibu, akaenda kutafuta kamba.

Ndani, Kwandu alikuwa ananyonyesha. Luhende aliinama mlangoni, akavua viatu vyake vyenye matope, akaingia.