Mikato Mitatu

Bi Gramu aliyadharau makumbusho hata kabla hajakanyaga ndani. Kwanza jengo lenyewe. Lilikuwa ghala la magunia, na kila mtu wa bandarini mwenye umri kama wake aliwahi kupiga chafya humo mpaka machozi yakamtoka. Sasa lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na kuwekewa taa za kumulika kuta, na mlangoni alisimama askari aliyevaa glavu kama daktari anayekwenda kupasua mtu.

"Glavu za nini?" alimuuliza.

"Ni utaratibu, mama."

"Utaratibu wa kushika nini? Mbona hushiki kitu?"

Askari akatazama mbele kama hakusikia. Bi Gramu akaingia zake, mkoba kwapani.

Alikuwa fundi mizani. Kibanda chake kilikuwa sokoni, ng'ambo ya barabara, na kwa miaka arobaini alikuwa akinyoosha mikono ya mizani iliyopinda na kupima mawe ya mizani ya wauzaji kama bado yana uzito wake. Jina la Bi Gramu alipewa na soko, kwa sababu hakuna jiwe lililotoka mikononi mwake likiwa limepungua hata gramu moja. Tatizo ni kwamba alipima na watu pia, na watu wote walipungua. Muuza samaki alikuwa mvivu, jirani yake alikuwa mbea, na mpwa wake, basi, huyo ndiyo kabisa.

Mpwa ndiye aliyemleta makumbusho. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu kaka yake, na Bi Gramu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alipofika kumi alivunja sindano ya mizani ya mteja, shangazi akamwambia ana mkono mzito kama nanga, amwachie meza ya kazi na ashike ufagio. Kijana akashika ufagio, kisha akashika vitabu, na sasa alikuwa mtembeza wageni wa makumbusho, mwenye tai shingoni. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkuu wa makumbusho angefuata nyuma ya wageni, asikilize, halafu aamue kama anamwajiri au anamrudisha nyumbani.

"Njoo, Shangazi," alikuwa amemwomba juzi kibandani. "Kuna kitu nataka ukione. Ila nakuomba sana, usiseme neno."

"Kwani mimi huwa nasema nini?"

"Shangazi."

"Haya. Nimefyata ulimi."

Wageni walikuwa kama kumi na tano, wengi wao wameshuka kwenye meli ya watalii na kofia pana, pamoja na walimu wawili wenye madaftari. Bi Gramu akajipanga katikati yao, mdomo ameukaza. Wakapitishwa mbele ya wavu wa kuvulia uliotundikwa ukutani na kumulikwa taa ya samawati, na mama mmoja wa kofia akashika kifua kwa kuguswa. Wavu wenyewe ulikuwa na matundu ambayo mvuvi yeyote mwenye haya angeyashona kabla ya kutoka nyumbani. Wakafika kwenye kigoda cha miguu mitatu, sawasawa na anachokalia yeye kila siku, kimezungushiwa kamba nyekundu. Maelezo yake yalisema: Kiti cha mfanyakazi asiyejulikana.

"Asiyejulikana na nani?" alisema Bi Gramu, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

Mpwa wake akakohoa, akaendelea. Na alizungumza vizuri, hilo shangazi alilikubali kwa shingo upande. Hakubabaika, hakujing'ata ulimi, na watu walimfuata macho yamewatoka. Nyuma kabisa Mkuu, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alikuwa akiandika kwenye karatasi.

"Na sasa," alisema mpwa, "hazina ya makumbusho yetu."

Katikati ya chumba cha mwisho palikuwa na sanduku la kioo peke yake. Ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, lilikaa jiwe la mizani la shaba, kubwa kama ngumi. Chini yake waliweka kioo cha kujitazamia, ili watu waone kitako.

"Jiwe hili lilitolewa kwenye tope la bandari, hapa mbele ya ngazi, bandari ilipokuwa inachimbwa kuongezwa kina," alisema. "Tunaamini lilizama na meli ya wafanyabiashara wakubwa wa zamani. Tazameni kitako chake. Mnaona kishimo? Wataalamu wetu wanadhani palitiwa manukato, maana wafanyabiashara wale walipenda usafi. Na mnaona mikato mitatu? Hiyo ni alama ya heshima. Walipewa waaminifu wakubwa wa soko. Mkato mmoja ni heshima. Mitatu ni heshima isiyo na kifani."

Wageni wakasema aaa. Walimu wakaandika.

Bi Gramu aliinama kutazama, na kicheko kikampanda kutoka tumboni. Manukato! Kile kishimo kilikombwa na mwizi ili jiwe lipungue uzito. Na mikato ile, masikini, mikato ile aliijua kama anavyojua vidole vyake. Ndivyo mafundi mizani wa bandari ile walivyofanya kazi. Jiwe likikutwa limepungua, linakatwa mkato mmoja kitakoni, mwenyewe anaonywa. Likirudi limepungua tena, mkato wa pili. Likikutwa mara ya tatu, mkato wa tatu, na fundi analibeba hadi kwenye ngazi, soko zima likimtazama, analitupa baharini. Hakukuwa na meli yoyote iliyozama. Kando ya kila mkato palikuwa na mchirizi mwembamba, na mchirizi ule uliachwa na tupa ya kukatia chuma ya baba yake, fundi kabla yake, iliyovunjika jino. Yeye mwenyewe alikuwepo siku jiwe lilipotupwa, ana miaka kumi na miwili, akapiga makofi.

Kwa hiyo hazina ya makumbusho ilikuwa mwizi sugu kuliko wote waliowahi kupima unga katika soko lile. Na watu wazima wenye kofia walikuwa wanaipiga picha.

Alijizuia. Aliuma mdomo, akafumba macho, akafikiria misiba. Lakini macho yalipofumbuka yakaangukia maneno madogo chini ya maelezo: Kwa mujibu wa fundi mizani wa bandari. Hapo akashindwa.

"Fundi gani huyo mpumbavu," alisema akicheka, "aliyewadanganya hivi?"

Wageni wakamgeukia. Mpwa wake akamsogelea, uso umemshuka.

"Ni wewe, Shangazi," alinong'ona. "Hicho ndicho nilichotaka ukione. Nilikuuliza nikiwa na miaka saba. Ukaniambia."

Kicheko kikamkauka. Akakumbuka. Ilikuwa asubuhi, wateja wamepanga foleni, na mtoto ameshika jiwe lenye mikato anauliza kwa mara ya kumi, Shangazi, hizi ni za nini, hizi ni za nini. Naye, bila kuinua kichwa, akamwambia: "Hiyo ni alama ya heshima. Wanapewa waaminifu wakubwa wa soko hili." Wateja walivunjika mbavu. Mtoto naye akacheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka. Kejeli ile ilimpendeza sana Bi Gramu, akaisimulia wiki nzima. Ila hakukumbuka kumrudia mtoto na kumweleza ukweli, maana kulikuwa na kazi.

"Kuna tatizo?" Mkuu alikuwa amefika, kalamu mkononi. "Mama ndiye fundi mwenyewe? Vizuri sana. Basi utuhakikishie. Maelezo haya ni sahihi?"

Bi Gramu akamtazama mpwa wake. Tai ilikuwa imepinda. Miezi sita ya kijana ilikuwa imesimama hapo, inasubiri neno moja.

"Ndivyo nilivyomwambia," alisema.

Hakudanganya. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekombwa chini, na yeye alilisikia jinsi lilivyo jepesi lilipotua. Mkuu akaandika kitu, wageni wakampigia makofi, na mama mmoja wa kofia akaomba kupiga naye picha. Jioni ile mpwa alipata barua ya ajira. Shangazi akampongeza, akaenda kulala na njaa.

Siku tatu baadaye muuza vitunguu alikuja kibandani, meno yote nje, akaweka jiwe lake mezani.

"Bi Gramu, nikatie tatu."

"Tatu nini?"

"Mikato. Ile ya waaminifu. Wageni wakitoka makumbusho wanakuja sokoni wanageuza mawe yetu chini, wanatafuta mikato. Asiye nayo hanunuliwi. Yule wa dengu amejikatia mwenyewe kwa msumeno, kajikatia mitano!"

Bi Gramu akaliweka jiwe kwenye mizani yake, na upande wa pili akaweka jiwe lake la kupimia. Mkono ukalala upande mmoja. Lilikuwa limepungua, tena si kidogo. Akalipindua, akaona kitako kimekwanguliwa upya, shaba bado inang'aa.

Alifungua mdomo amchambue. Alikuwa na maneno ya kutosha, mengine ameyaweka akiba kwa miaka kwa ajili ya mtu huyu huyu. Kisha akaona upuuzi wa jambo lenyewe. Mwizi alikuwa amekuja kwa miguu yake kuomba alama ya wizi, tena anatabasamu, na aliyemfundisha kuiomba si mwingine ila yeye fundi. Alijiona mjinga kuliko muuza vitunguu na yule wa dengu wakiwekwa pamoja, na hasira ikamkaba kwa sababu safari hii hakuwa na mtu mwingine wa kumwonea.

"Jiwe lako linabaki hapa," alisema. "Nenda."

"Lakini utanikatia?"

"Utakatiwa. Nenda, nimesema."

Akafunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo soko halijawahi kuliona, akavuka barabara na jiwe na tupa mkobani. Alimpita askari wa glavu bila kumtupia hata neno. Akapanda kwanza ofisini kwa Mkuu, akakaa humo kwa muda, kisha akateremka hadi chumba cha mwisho. Mpwa wake alikuwa anafuta kioo cha sanduku kwa kitambaa. Wageni wawili watatu walikuwa wanazubaa kando ya ukuta.

"Hiyo mikato si heshima," alisema, bila hata salamu. "Ni alama ya jiwe lililopungua. La mikato mitatu hutupwa baharini. Hilo lilitupwa na babu yako, na mimi nikiona."

Kijana akaacha kufuta. "Lakini uliniambia—"

"Nilikuwa nakudhihaki. Ulikuwa na miaka saba, watu wamejaa kibandani, nikataka kuwachekesha."

Alisubiri kijana akasirike. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na majibu alikuwa nayo. Mpwa akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Nilikuuliza vitu vingi sana miaka ile," alisema. "Hilo ndilo pekee ulilonijibu. Ndiyo maana sikulisahau."

Bi Gramu akauweka mkoba sakafuni.

"Na Mkuu?" aliuliza kijana. "Atajua kwamba nimewadanganya watu."

"Natoka kwake. Nimemwambia mwongo ni mimi. Amesema ubandike maelezo mapya leo hii, ila vipeperushi vya zamani viendelee kugawiwa mpaka viishe, maana vimeshachapishwa." Akasonya. "Hao ndio wataalamu wako."

Kijana karibu acheke. Akaenda chumba cha pili, akafungua kamba nyekundu, akarudi na kigoda cha mfanyakazi asiyejulikana na kukiweka mbele ya shangazi yake. Shangazi akamsukumia tena.

"Kaa wewe."

Akatoa jiwe la muuza vitunguu na tupa ya baba yake, akaviweka mapajani mwa kijana. "Hili limepungua. Ni mara yake ya kwanza. Kata mkato mmoja, hapa, upana wa ukucha, usizidi."

"Shangazi, mkono wangu mzito. Umesema mwenyewe."

"Kata."

Wale wageni walikuwa wamesogea, simu juu. Kijana alilibana jiwe kati ya magoti, akashika tupa kwa mikono miwili, jambo ambalo fundi hafanyi, akaanza kukata. Shaba ikalia. Unga wa rangi ya dhahabu ukamwagikia tai yake. Alipomaliza alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, akalinyanyua jiwe na kumkabidhi.

Mkato ulikuwa umepinda, mrefu mara mbili ya inavyotakiwa, na mwisho wake umeteleza hadi ukingoni. Bi Gramu aliugeuzageuza kwenye mwanga wa taa za makumbusho. Akafungua mdomo. Kijana akainamisha kichwa, kama alivyokuwa akikiinamisha zamani, na yeye akamwona alivyofanya hivyo.

Akaufunga mdomo. Akapitisha kidole gumba juu ya mkato, akapuliza unga, akaliweka jiwe mkobani.

"Kesho," alisema, "nitakufundisha jinsi ya kushika tupa."