Mjumbe wa Kahawa Baridi

Mjumbe hauawi, wanasema. Hawasemi kwamba anaweza kuchoka hadi akatamani wamuue tu yaishe. Bibi aliwaza hivyo asubuhi ile, amesimama katikati ya korido, mkono mmoja ukutani, asikumbuke kama alikuwa anatoka dukani kwenda stoo au anatoka stoo kwenda dukani. Miguu ilikuwa imemvimba, na mdomoni alikuwa na maneno ambayo si yake.

Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Mbele duka la kahawa, nyuma stoo, na katikati korido fupi ambayo mtu mwenye magoti mazima angeimaliza kabla hajamaliza kupiga chafya. Dukani alikuwa mwanawe, Fundi, aliyebaki na jina hilo tangu enzi zake za kutengeneza majokofu. Stoo alikuwa mke wa Fundi. Mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu akipitisha mkono juu ya sinia la buni, ile moja mbovu aliiona kabla wewe hujaliona sinia. Watu hawa wawili walilala kitanda kimoja, mmoja akitazama ukuta na mwenzake dirisha. Walikula meza moja. Ila kusemeshana hawakusemeshana, na kila neno lililotakiwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule lilipita kwa Bibi.

"Mwambie mwanao barafu inayeyuka," Jicho angesema.

Bibi angejikokota hadi mbele. "Mkeo anasema barafu inayeyuka, baba."

"Mwambie nina macho."

Bibi angegeuka, na hapo koridoni ndipo kazi yake hasa ilipofanyika. Angesimama kidogo, ayageuzegeuze yale maneno, atoe mwiba huu na ule. Akifika stoo, yalikuwa yamekuwa: "Anasema ahsante, ameshaiona."

Kazi hiyo ilimchosha kuliko kufua mablanketi. Tena kwa ajili ya kinywaji ambacho hata hakukipenda. Kwake yeye kahawa baridi ilikuwa ni kahawa ambayo mtu aliisahau mezani, na watu wenye akili zao kuja kuinunua ni miujiza ya mjini.

Lakini walikuja. Mtambo Fundi aliuunda mwenyewe, chupa tatu za kioo zimepandana kwenye fremu ya mbao. Juu kabisa maji na barafu, chini yake koki ndogo, halafu kahawa iliyosagwa, imefunikwa karatasi ya duara ili tone lisichimbe shimo mahali pamoja, na chini chupa ya kupokea. Unafungua koki kidogo tu, linaanguka tone, halafu tone, unaenda kufanya mambo yako hadi jioni. Haba na haba hujaza kibaba, wateja walisema, wakaucheka utani huo kila siku kana kwamba umezaliwa leo.

"Maji ya moto ni kama askari," Fundi alizoea kuwaeleza zamani, alipokuwa bado na hamu ya kueleza. "Yanaibana buni hadi inakiri yote, mazuri na mabaya. Maji baridi yanabembeleza."

Na kahawa ya kubembelezwa huchagua buni. Ikikaangwa juujuu inatoka chachu, inakunja uso. Ikikaangwa hadi ikaungua, inatoka na ladha ya masizi, na masizi yakipoa hayana pa kujificha. Kwa hiyo tangu duka lifunguliwe walikuwa na desturi moja. Mkaangaji akileta sampuli, Jicho huzitazama, huzivunja kwa meno, huzinusa. Fundi huzisaga, huzidondoshea maji kwenye mtambo mdogo na kuonja. Mpaka wote wawili waseme ndiyo, gunia halinunuliwi. Wakati mwingine walibishana siku nzima, na Bibi aliwasikia wakicheka katikati ya ubishi.

Halafu Fundi akanunua gunia peke yake. Jicho alikuwa amekwenda kumtazama dada yake mgonjwa, mkaangaji akapita na buni nyeusi ti, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, na mwanamume akaingiwa na tamaa ya macho. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Mtoto wa shule analijua hilo. Kahawa ilipotoka, wateja wakanywa kwa heshima, wakaacha glasi nusu. Jicho aliporudi alionja kidogo tu, akasema mbele ya duka zima, "Huyu mtu mpe jokofu abomoe, buni muwekee mbali." Watu wakaangua kicheko. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akacheka hadi akashika mlango.

Fundi hakucheka. Gunia lile likatupwa, likaletwa lingine la aina yao ya zamani, na tangu hapo ukimya.

Siku za mwanzo Jicho alitaka kuondoka moja kwa moja. Bibi ndiye aliyemzuia, na alimzuia kwa uongo. Alitoka dukani, akasimama koridoni pake, akaingia stoo na kusema, "Mwanangu, mumeo ameniambia amekosa. Hakuwa na haki ya kununua bila wewe. Anasema tangu siku ile kahawa kwake haina ladha." Fundi hakuwa amesema hata neno moja la hayo. Alikuwa amesema, "Akitaka kwenda, mlango haujafungwa."

Jicho akakaa. Na kwa upande wa pili Bibi akampelekea mwanawe nusu nyingine: mkeo anasema ulimi uliteleza. Akajiambia wagombanao ndio wapatanao, kesho watacheka. Kesho ikaja ikapita, ikaleta nyingine, hawakucheka.

Uongo ukikaa huoza. Juzi, wakipepeta buni wawili tu, Jicho alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mtu anaomba msamaha, halafu hata kukutazama hakutazami. Ule ulikuwa msamaha gani? Gunia hili likiisha naenda kwa dada. Usimwambie." Baadaye Bibi, akifagia chini ya kitanda chao, aliuona mkoba. Zipu haikufungwa vizuri. Juu ya nguo kulikuwa na kipande cha sabuni na ile shali ya kijivu ambayo yeye mwenyewe alimfumia mkwewe mwaka alipoolewa. Bibi alikaa chini, ufagio mkononi, akalia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jicho hakuiacha shali. Angeiacha, Bibi angejua amechukiwa, na kuchukiwa na mkwe mtu anaweza kuzoea.

Ndiyo maana asubuhi ile alikwama koridoni. Kabla ya hapo alikuwa amesikia kikombe cha kuchotea kikikwaruza mwisho wa gunia, na Jicho akasema bila kugeuka, "Mwambie mwanao buni zinaishia leo."

Sentensi fupi. Yeyote angeweza kuibeba. Bibi aliyajua yaliyokuwa ndani yake, akaona mkoba, akaona nyumba imebaki na yeye na mwanawe wakitazamana kama vinyago viwili. Akaingia dukani.

"Mkeo anasema," akaanza. "Anasema buni zinaisha. Anasema safari hii chagua wewe. Anakuamini."

Fundi aliacha kufuta meza. "Amesema hivyo?"

"Kwani mimi nimewahi kukudanganya?"

Mungu amsamehe. Mwanawe alitabasamu, tabasamu ambalo Bibi hakuwa ameliona tangu lile gunia jeusi, akatoa kopo moja kati ya matatu ya sampuli za mkaangaji yaliyokuwa yamekaa rafuni bila kufunguliwa. Akazimimina buni kiganjani, akazisogeza dirishani. Zilikuwa za kahawia, kavu, hazing'ai hata kidogo. Akasaga, akaweka karatasi, akafungua koki ya mtambo mdogo na kukaa mbele yake akilinda matone kama mtu anayemlinda mtoto mwenye homa. Bibi alimtazama. Furaha ile yote ilikuwa juu ya deni la uongo wake.

Mchana, duka likiwa tupu kwa jua, Fundi alimimina glasi ndogo na kuikabidhi kwa mikono miwili. "Mpelekee. Mwambie nimechagua kopo la katikati. Mwambie... basi, mpelekee tu."

Jicho alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni, akameza. Uso ulilainika kabla hajauzuia. Kisha ukakazana.

"Nani kamwambia achague?"

Bibi akainama kuokota buni iliyoanguka sakafuni.

"Mama. Mimi nilisema nini asubuhi?"

"Ulisema buni zinaishia leo."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa korido ile ile. Jicho alinyanyuka na glasi yake akapita, na Bibi akamfuata polepole, akishika ukuta, akiomba ukuta uendelee.

Alipofika, walikuwa wamesimama pande mbili za mtambo na bado wanamtazama yeye.

"Mama, muulize," Jicho alisema, "nani alimwambia mimi namwamini?"

"Mama, mwambie ni yeye aliyetuma!"

"Mama, mwambie sikutuma! Kama ambavyo yeye alituma msamaha halafu akanuna!"

Fundi akakunja uso. "Msamaha upi? Mama, aliyeomba msamaha si yeye? Alisema ulimi uliteleza!"

"Ulimi wangu?" Jicho akaweka glasi chini. "Ulimi wangu haujawahi kuteleza tangu nizaliwe."

Bibi aliona jinsi jambo lile lilivyowaingia taratibu: kwamba hakuna aliyeomba msamaha. Neno zuri lolote lililowahi kuvuka korido lilikuwa la kikongwe mwenye miguu iliyovimba.

Alitaka kuwaambia samahani. Badala yake kikamtoka kingine, kwa sauti ambayo hakujua bado anayo.

"Nimechoka! Mnanisikia? Kila siku, huyu mwambie yule, yule mwambie huyu! Natafuna miba yenu mimi, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu! Ndiyo, nimesema uongo, nimesema sana, na kama si uongo wangu nyumba hii ingeshakufa. Sasa basi. Mimi ni mama yenu, si korido. Mwenye neno aliseme mwenyewe."

Akageuka, akaenda chumbani kwake, akajilaza na viatu miguuni. Mlango hakuufunga. Hakuwa na nguvu za kuufunga, na pia, tuseme ukweli, alitaka kusikia.

Kwa muda hakusikia chochote isipokuwa tone, na tone. Alisubiri kusikia mkoba ukivutwa chini ya kitanda.

Ikaja sauti ya Jicho, imechoka kama yake. "Unajua aliniambia ulisema nini? Kwamba hukuwa na haki ya kununua bila mimi. Kwamba tangu siku ile kahawa kwako haina ladha."

Tone. Tone.

"Sikusema," Fundi akajibu.

"Sasa najua."

"Sikusema, lakini ndivyo ilivyo." Kiti kilikwaruza sakafu. "Nilitaka urudi ukute nimefanya kitu kizuri peke yangu. Basi. Nilikosa. Mama aliyasema vizuri zaidi."

"Sana. Wewe hata hujui pa kuanzia."

"Sijui."

Halafu Jicho akasema, "Na mimi sikuteleza. Nilikusudia. Ila haikufaa kuwa mbele ya watu. Pale nilikosea. Niliwaona wakicheka nikatamani niwafukuze."

"Mshona viatu bado ananiita Mzee wa Majokofu."

Jicho alicheka, kicheko kifupi kilichokatikia njiani kikawa kilio, na Bibi naye akajifunika macho kwa mkono. Waliongea baada ya hapo kwa sauti za chini ambazo hakuzidaka. Alisikia kopo likifunguliwa. Akasikia mashine ikisaga.

"Hii umesaga laini mno, itaziba," Jicho alisema.

"Nani kasaga? Si wewe uliyeshika?"

"Kopo la katikati ni zuri leo, likikaa kwenye barafu litafifia. Chukua hili la mwisho."

"La mwisho lina uchachu!"

"Uchachu uko mdomoni kwako. Tumuulize Mama."

Nyayo za watu wawili zikaja koridoni. Bibi akafumba macho haraka na kuanza kukoroma, kukoroma kwa nguvu, kwa kujitolea.

"Amelala," Fundi alinong'ona mlangoni.

"Hajalala. Mama hakoromi hivi."

"Basi mwache. Amechoka."

Hawakuondoka mara moja. Kisha mmoja akarudi dukani, na nyayo nyepesi zikaenda upande wa chumba chao. Bibi alisikia zipu. Aliacha kukoroma bila kujua ameacha. Nyayo zikarudi, mikono ikamvua viatu kimoja baada ya kingine, na kitu laini kikashuka juu ya miguu yake iliyovimba. Kilinukia sabuni.

Hakufumbua macho. Alisubiri hadi mkwewe alipotoka, akanyoosha mkono, akazigusa nyuzi alizozifuma mwenyewe, akaivuta shali taratibu hadi kifuani. Huko dukani walikuwa wameanza tena kugombana, sasa kuhusu koki, na Bibi safari hii akalala kweli.