Shingo ya Abezash

Wubit alianza na kidevu. Aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka uso wa mama wa bibi harusi ukajaa kwenye kioo cha kishikwambi, akachagua brashi nyembamba, kisha akaanza kupapasa polepole. Kila kidole kilipopita, mistari ya kijani iliyochanjwa chini ya taya ilififia, na ngozi ya kahawia ikaja kuchukua mahali pake. Akateremka shingoni, akafuta pete moja baada ya nyingine, pete ambazo mama yule alichanjwa angali binti mdogo, kama walivyochanjwa mabinti wengi wa vijiji vya Gondar enzi hizo. Mwisho akapanda kwenye paji la uso, akauondoa msalaba.

Ilikuwa alasiri ya jua kali, katikati ya msimu wa harusi. Alikuwa ameshusha pazia ili kioo kionekane vizuri, na moshi wa ubani ulitembea chumbani kivivu. Kadi ya kamera ilikuwa bado imechomekwa, na picha ziliendelea kuingia ovyo ovyo: kwanza miraba ya kijivu, kisha rangi zikapanda taratibu. Mabega ya wacheza ngoma. Mkate mkubwa wa harusi kabla haujakatwa. Bibi harusi akilia, halafu bibi huyo huyo akicheka. Wubit aliipenda saa hii kuliko harusi yenyewe. Kule ukumbini watu walimsukuma na kumfokea, "We mpiga picha, tunaona mgongo wako tu!" Hapa walinyamaza wote, wakamngoja awatengeneze.

Meheret, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amempigia simu asubuhi.

"Dada Wubit, yale machoro ya mama yafute yote, sawa? Wakwe zangu ni watu wa Addis. Sitaki wafungue albamu waanze kunong'onezana eti nimetolewa porini."

"Mama mwenyewe anajua?"

"Mama anajua nini mambo ya picha? Wewe fanya bwana, usinizungushe."

Wubit hakumzungusha. Kufuta ndiyo iliyokuwa kazi yake. Chunusi, makovu, jasho la kwapani, shemeji aliyelewa nyuma ya keki, vyote vilikwisha kupita chini ya kidole chake, na hakuna aliyewahi kurudi kuvidai.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia ni Mama Yeshimebet, mama yake Meheret, amejitanda netela, mtandio wake mweupe, mkononi ana kipande cha mkate wa harusi kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Nimekuletea masalio, mwanangu. Siku ile ulikuwa ukitupiga picha tu, wewe mwenyewe hukutia kitu tumboni."

"Karibu, mama. Kahawa iko jikoni, inakaribia kuchemka."

Wubit aliinuka kwenda kuitazama birika ya udongo, na katika haraka ya kumkaribisha mgeni akasahau kuzima kioo. Aliporudi na vikombe alimkuta mama amekwisha kukaa, kishikwambi kiko mapajani mwake, mkono mmoja umeziba mdomo. Wubit aliona aibu, aibu ya mtu aliyekamatwa akichokonoa mfuko wa mwenzake.

"Nisamehe, mama. Ni Meheret aliyeniagiza. Lakini hakijaharibika kitu, yako ya mwanzo ipo. Naigusa alama hii tu, unarudi kama ulivyokuwa."

Akanyoosha kidole. Mama Yeshimebet akakidaka hewani, akakibana kwa nguvu ambazo Wubit hakutegemea kwa mkono wa umri ule.

"Usimwondoe."

"Nani, mama?"

"Abezash."

Kahawa ilifurika jikoni, ikamwagikia jiko. Hakuna aliyekwenda.

"Tulizaliwa pacha," mama akasema, macho hayabanduki kwenye kioo. "Hata baba yetu alikuwa akiita majina yote mawili, atakayeitika na aitike. Siku alipokuja yule mwanamke wa kuchanja, na sindano zake na masizi yake, mimi nilikaa. Abezash akajificha ndani ya ghala la nafaka. Akatafutwaaa! Alipotoka, mwanamke alishakwenda zake. Mama akamtukana mpaka akachoka. Basi, kuanzia hapo ndipo watu walipoanza kutujua. Mwenye michoro ni Yeshimebet. Asiye nayo, Abezash."

"Yuko wapi sasa?"

"Homa. Masika yaliyofuata. Nani kijijini kwetu alikuwa na kamera? Mama naye alipokufa, hakubaki mtu wa kuniambia dada yangu alikuwaje. Nimejaribu kumtafuta kwenye kioo cha ukutani, naziba msalaba kwa kiganja, naziba shingo kwa netela. Nauona mkono, naiona nguo. Yeye simwoni."

Ghafla akacheka, cheko dogo la msichana.

"Tazama alivyozeeka! Mimi nilidhani amebaki kule kule na ujana wake. Kumbe na yeye kope zimemlegea."

Wubit akaketi kando yake mkekani. Alijisikia kama mtu anayeamshwa kwa upole na hajui bado yuko nyumba gani. Miaka yote aliamini kwamba anapofuta anaacha mahali patupu, pasafi. Haikumpitia akilini kwamba huenda kuna mtu amesimama pale.

"Hereni hakuwa akivaa," mama akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba kitu kikubwa. "Zilikuwa zikimwasha."

Wubit akazifuta hereni.

"Na kwenye nyusi, hii ya kushoto, alikuwa na kovu. Aliangukia jiwe la kusagia."

Hapo kidole cha Wubit kikasita. Katika kazi yake yote hakuwahi kumtia mtu kovu. Akatafuta rangi kwenye kivuli cha pua, akaipauza kidogo, akaikata nyusi kwa mstari mfupi.

"Juu. Hapana, umepitiliza. Shuka. Hapo! Hapo hapo, mwanangu, usiguse tena."

Simu ikaanza kutetemeka sakafuni, jina la Meheret likiwaka na kuzima.

"Mwache aite," mama akasema. "Kwenye albamu yake nirudishie uso wangu wote, na msalaba wangu na pete zangu. Akiuliza, mwambie mama kakataa. Kama hao wa Addis watanong'ona, na wanong'one, mwana nimekwisha kuwapa. Lakini huyu mmoja mwache alivyo. Huyu si wa albamu."

Simu ikachoka, ikanyamaza. Picha nazo zilikuwa zimekwisha kuingia zote. Mama Yeshimebet alikiinua kishikwambi kwa mikono miwili. Aliutazama uso ule kwa muda, akalirekebisha pindo la netela yake kama mtu anayetaka kuonekana vizuri. Kisha akainama, akalibusu shavu. Akalibusu tena papo hapo, upesi.

Kioo kilipoguswa mara mbili, kikafanya kilivyofundishwa. Picha ikakua. Shavu lenyewe, jicho, nyusi yenye kovu, vyote vikasogea mbele mpaka ukingo wa kishikwambi ukawa hautoshi kuvizuia.

Mama akainua uso wake uliolowa.

"Umeona?" akamnong'oneza Wubit. "Kaja."

Wubit, aliyejua kila alama ya kifaa kile na sababu ya kila alama, aliitikia kwa kichwa.

"Nimeona, mama."