Vidonge vya Kwenye Rafu ya Saluni

Msusi huyu alikuwa na mkono, jamani. Ukikaa kwenye kiti chake unasinzia, ukiamka umeshapendeza. Na nywele zake mwenyewe zilikuwa nene kama majani ya masika, kucha ngumu za kufungulia soda. Wateja wakimuuliza siri, anawaonyesha kopo la vidonge vya vitamini, limekaa rafuni katikati ya vitana na mafuta. "Chakula cha nywele hicho," anasema. Yeye alikuwa anameza asubuhi na jioni, na akikumbuka mchana anaongeza. Si unajua binadamu, kitu kizuri tunadhani kikizidi ndiyo uzuri unazidi.

Sasa, mama yake mzazi aliwahi kuvimba tezi ya shingoni. Kwa hiyo mume wa msusi, fundi cherehani mwenye wasiwasi wa kutosha kijiji kizima, akamsukuma mkewe akapime damu. Majibu yakaja ya kutisha: tezi inafanya kazi kupita kiasi. Wakaambiwa waende kwa daktari wa tezi, huenda ikabidi apewe dawa ya kuichoma, na tezi ikishaungua hairudi. Atameza vidonge vya kuziba pengo lake mpaka siku anaingia kaburini. "Na mwende na dawa zote mnazotumia nyumbani," wakaambiwa.

Fundi akapekua kabati, akapekua chini ya kitanda. Akapata mafuta ya kuchua na dawa ya kikohozi iliyoganda, akavitia kwenye mfuko. Lile kopo la saluni nani angelikumbuka? Lilikuwa kifaa cha kazi lile, kama kitana.

Daktari alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Akatazama zile dawa, akaziweka kando. "Mama, nyoosha mikono." Akamlazia karatasi juu ya vidole. Mwenye tezi iliyopanda vile, karatasi hutetemeka. Hii ikatulia kama imelala mezani. Akamshika mshipa wa mkono, moyo unakwenda taratibu kama mtu anayerudi shamba ameshiba. Akazishika nywele, akazivuta kidogo.

"Hizi zako?"

"Zangu, daktari. Za kununua nawasukia wenzangu."

"Damu inaniambia zingekuwa zinanyonyoka. Inaniambia na wewe umekonda."

Fundi akadakia, "Amekonda huyu? Daktari, magauni yake nashona mimi. Kila mwaka naongeza kitambaa."

"Hebu nyamaza, baba watoto."

Daktari akacheka, kisha akauliza polepole, "Kuna kitu unameza cha nywele?"

"Ah, kile si dawa. Vitamini tu, kiko saluni."

Daktari akaweka kalamu chini. Akawaeleza kwamba vidonge vya namna hiyo huwa na biotini nyingi, ile vitamini ya nywele na kucha. Mashine nyingine za kupimia damu hutumia biotini hiyohiyo kunasia kile zinachokitafuta. Sasa ikijaa kwenye damu ya mtu, hesabu zinapinduka, tezi nzima inaonekana ina ugonjwa.

"Kwa hiyo mashine imedanganya?" fundi akauliza.

"Imeiuliza tezi, vidonge vikadakia kujibu. Kama wewe sasa hivi." Akamgeukia msusi. "Huenda ni hivyo, sina hakika bado. Acha vidonge, juma likipita tupime tena. Na siku zote kabla ya kutolewa damu, taja kila unachomeza, hata cha saluni."

Juma lile lilikuwa refu. Msusi alisuka bila hadithi, wateja wakadhani wamemkosea.

Majibu ya pili yakatoka: tezi nzima, haina neno.

Hakupiga vigelegele. Alitoka akakaa kwenye benchi la nje, akaweka kidole shingoni, akameza mate. Akaisikia tezi ikipanda, ikishuka.

"Njoo uguse," akamwambia mumewe.

Fundi akagusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kifaranga kilichotoka kwenye yai sasa hivi.

"Hii ndiyo inayoamua moyo ukimbie au utembee?" akauliza.

"Ndiyo hii. Usiku na mchana, na mimi sijawahi kuituma."

"Na tulikuwa tunakwenda kuichoma."

Watu walipita na mafaili yao, mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Msusi akameza tena, taratibu, aisikie vizuri.